KOPO MOJA: RANGI YA MKEKA NA RANGI YA UBUYU



Ndugu zangu, leo nataka tuanze na jambo la dukani, dalili zitafuata.

Wiki chache zilizopita niliteremka Muheza kununua mahitaji ya msikiti. Nikaingia kwenye duka moja. Silitaji, maana sina nia ya kumvunjia mtu riziki yake, na maduka ya aina ile yako kila mji, kuanzia Horohoro mpaka Pangani. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja msusi wa mikeka, akaomba rangi nyekundu ya ukili. Muuzaji akafungua kopo la bati, akachota kijiko, akafunga kwenye kinailoni, akampa. Nyuma ya bibi alikuwepo binti wa miaka kama kumi na miwili. Naye akasema, "Mama anaomba rangi ya ubuyu ya shilingi mia tano." Wallahi, kijiko kile kile kilirudi kwenye kopo lile lile.

Nikamwuliza kijana wa dukani, "Mwanangu, hii ni ya kula au ya mkeka?" Akacheka, kwa adabu lakini. "Sheikh wangu, rangi ni rangi. Ya mkeka unachemsha, ya ubuyu unachanganya na sukari."

Nikaomba kopo nilitazame. Karatasi yake ilishabanduka, imebaki kipande chenye picha ya ua. Hakuna jina la rangi, hakuna aliyeitengeneza, hakuna tarehe. Na yule binti, nilipomtazama vizuri, nikamjua. Ni mtoto wa huku kwetu milimani, Juzuu Amma ameihifadhi kwangu. Ubuyu wa mama yake unauzwa mlangoni pa madrasa yangu, hatua ishirini kutoka pale ninapokaa na fimbo yangu kusikiliza watoto wanavyosoma. Miaka yote hii naona ndimi zao nyekundu wakitamka "qul huwallahu ahad", nami natabasamu.

Basi haya ninayoyaandika najiandikia mimi kwanza.

Rangi ni rangi? Laa. Tuelezane vizuri, kwa sababu watu wengi wanaamini maneno ya yule kijana bila hata kuyatamka.

Rangi hizi kali tunazozijua leo hazitoki kwenye ua wala tunda. Mwaka 1856, Uingereza, kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alikuwa anatafuta dawa ya malaria kutokana na lami ya makaa ya mawe, akaambulia rangi ya zambarau ya kutia nguo. Tangu hapo wakemia wakatengeneza rangi za kila aina, zamani kutoka kwenye lami hiyo, leo kutoka kwenye mafuta ya petroli. Zilianzia kwenye nguo, zikahamia kwenye peremende. Nyingi zilipojaribiwa zikaonekana na madhara zikaondolewa kwenye chakula. Chache zikabaki, zikapewa kibali kwa masharti. Na masharti ni mawili makubwa: usafi na kipimo.

Usafi maana yake ni kwamba rangi ya chakula husafishwa na kupimwa isibaki na risasi, aseniki, zebaki au mabaki ya kemikali zilizotumika kuitengeneza. Rangi ya ukili haipimwi hivyo. Kwa nini ipimwe? Nani anakula mkeka? Na zaidi ya usafi, zipo rangi ambazo hata uzisafishe namna gani si za kula. Mojawapo ni ile ya waridi kali inayong'aa, rodamini B, ambayo ni ya nguo na karatasi. Mwezi wa Februari 2024 jimbo la Tamil Nadu kule India lilipiga marufuku pamba za sukari wanazouziwa watoto ufukweni baada ya maabara kuikuta humo. Wale wauzaji hawakuwa majambazi. Walikuwa watu maskini walionunua unga wa bei rahisi, na bila shaka wapo walioambiwa kwamba rangi ni rangi.

Sasa kipimo. Hapa naomba usiruke, hesabu yake ni nyepesi. Wataalamu wa kimataifa wanaokaa chini ya Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo wamepanga kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku bila kudhurika. Kwa rangi ya machungwa inayoandikwa E110 kiasi hicho ni miligramu 4 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 15 basi mwisho wake ni miligramu 60 kwa siku. Kwa rangi ya waridi ya E127 kiwango ni kidogo zaidi, sehemu ya kumi ya miligramu kwa kilo, yaani mtoto huyo huyo mwisho wake miligramu moja na nusu.

Tuseme mama ametia kijiko kimoja cha chai, gramu 3 hivi, kwenye ubuyu wa kutoa pakiti 40. Gramu 3 ni miligramu 3,000. Gawa kwa 40, kila pakiti ina miligramu 75. Mtoto amepita kiwango cha E110 kwa pakiti moja, na hiyo ni pale ambapo rangi yenyewe ni ya halali, safi, yenye kibali! Bado hajanywa juisi ya unga nyumbani, bado hajalamba barafu, bado hajala wali wa njano wa shughuli. Na mama wa ubuyu hana mizani ya miligramu. Ana jicho. Anatia mpaka jicho liseme basi, na jicho la mteja kila mwaka linataka nyekundu zaidi.

Nisije nikasema nisilolijua. Sisemi kwamba kila mwenye kula ubuyu atapata saratani. Wapo masheikh wenzangu wanaopenda kutisha watu kwa sauti za kurekodi, "ukila hiki utakufa". Huo pia ni uongo, na uongo wa kwenye mimbari ni mbaya kuliko wa sokoni. Ninachojua ni hiki. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 na 9, waliopewa vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi pamoja na dawa ya kuhifadhia. Baadhi yao walizidi kutotulia. Athari haikuwa kubwa na haikuwa kwa wote, na wataalamu bado wanabishana juu yake. Lakini Ulaya hawakusubiri ubishi uishe. Tangu Julai 2010 chakula chenye mojawapo ya rangi sita zilizotajwa lazima kiandikwe kwamba kinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Nini kikatokea? Viwanda vingi vikaona aibu kuandika maneno hayo kwenye peremende, vikabadilisha rangi.

Marekani walikokota miguu. Ile E127 waliikataza kwenye vipodozi mwaka 1990, kwa sababu ilileta uvimbe kwenye tezi ya shingo ya panya dume. Lakini kwenye chakula wakaiacha mpaka Januari 2025, na viwanda vikapewa hadi Januari 2027 kuiondoa. Wao wenyewe wanasema namna ilivyowadhuru panya haitokei kwa binadamu, ila sheria yao inakataza kuongeza kwenye chakula kitu kilicholeta saratani kwa mnyama. Sawa. Lakini hebu fikiri: kwa miaka 35 ilikuwa haifai kupakwa mdomoni, inafaa kumezwa! Ukiona mambo ya namna hii usidhani wenzetu wana akili kutuzidi. Wana sheria, wana maabara, na wana wazazi wanaopiga kelele. Sisi hilo la tatu hatuna.

Kelele tunazo, ila tunazipigia mahali pengine. Na hapa naomba niwaudhi kidogo.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp miaka nenda miaka rudi. Orodha ndefu ya namba zinazoanza na herufi E, juu yake imeandikwa kwamba zote ni mafuta ya nguruwe, sambaza kwa Waislamu wote upate thawabu. Nimeupokea zaidi ya mara ishirini, mara nyingine kutoka kwa watu wenye elimu kuliko mimi. Ndugu yangu, umewahi kukaa na namba hizo moja moja? E100 ni rangi ya manjano. Manjano haya haya, bizari anayotwanga mama yako. E160b ni mzingefuri, mti ambao bibi zetu waliupanda nyuma ya nyumba. E162 ni bitiruti. E300 ni vitamini C, iliyomo kwenye machungwa ya Muheza! Umesambaza ujumbe wa kuharamisha chungwa na umeandika "aamin".

Herufi E ni utaratibu wa Ulaya wa kuorodhesha viungo vilivyopewa kibali, ili mtu ajue anakula nini. Ni ujuzi, tungeutumia. Katika orodha hiyo kipo cha kuangaliwa kwa jicho la fiqhi. E120, kwa mfano, ni rangi nyekundu inayotokana na mdudu mdogo anayekaa kwenye mpungate huko Amerika ya Kusini. Mdudu anakaushwa, anasagwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i wadudu wanahesabiwa katika vitu vichafu visivyoliwa, ingawa wapo wanavyuoni wa madhehebu mengine waliolegeza. Mwaka 2012 kampuni ya Starbucks ilikuwa inaitumia kwenye vinywaji vya stroberi kule Marekani, wasiokula wanyama wakalalamika, ikaiacha. Tazama basi jambo hili: rangi ya asili kabisa, haina petroli hata tone, na bado kwetu ina mushkeli. Kwa hiyo anayekwambia "ya asili" hajamaliza maneno, na anayekwambia "ina E" hajaanza.

Tatizo letu ni kwamba neno halali tumelifanya dogo. Tumelibana kwenye nguruwe, pombe na kisu cha mchinjaji. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara aliposema na watu wote, siyo Waislamu peke yao, aliwaamrisha wale vya ardhini vilivyo halali na vizuri. Halalan tayyiban. Maneno mawili. Sisi tumelishika la kwanza, la pili tumewaachia wauzaji waliandike kwenye maboksi. Kuku anachinjwa kwa bismillahi, mchinjaji ana udhu, kisu kikali, kila kitu sawa. Kisha anaingia kwenye sufuria ya biriani iliyotiwa unga wa machungwa kutoka kopo lisilo na jina. Anatoka halali. Tayyib je?

Na nisiwanyooshee kidole watu wa mbali. Kwenye Maulidi yetu iliyopita tulipika biriani sufuria sita. Nilipita jikoni, nikaona mpishi anakoroga rangi kwenye kikombe, nikasema mashaallah inapendeza. Watoto wakapewa sharubati nyekundu. Ilikuwa na tunda gani? Hakuna aliyejua. Ilikuwa na ladha ya nyekundu.

Hapo ndipo inapoingia ile hadithi ya sokoni Madina, mnayoijua wote, iko katika Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya lundo, vidole vikatoka na unyevu. Akauliza, akajibiwa kwamba mvua ndiyo iliyoinyeshea. Akamwuliza kwa nini hakuiweka ile mbichi juu watu waione, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Angalieni, ndugu zangu. Yule mtu hakutia sumu. Hakuibia mizani. Mvua ilinyesha, kosa si lake. Kosa lake ni kuweka kavu juu na mbichi chini, yaani kulifanya jicho la mnunuzi limdanganye. Rangi kwenye chakula mara nyingi inafanya kazi hiyo hiyo. Juisi haina embe, rangi inasema ina embe. Wali hauna zafarani, rangi inasema upo. Pilipili ya mwaka juzi imepauka, rangi inasema imesagwa jana.

Hilo la pilipili si mfano wa kubuni. Februari 2005 Uingereza waliondoa madukani mamia ya bidhaa kwa sababu pilipili ya unga iliyotumika kutengeneza mchuzi mmoja ilikuwa imetiwa rangi iitwayo Sudani I. Jina lisiwachanganye, kazi yake ni kutia rangi nta, mafuta na dawa ya viatu, na kwa wanyama wa maabara ilileta uvimbe wa saratani. Pilipili ile ilitoka India, ikaingia kwenye mchuzi, mchuzi ukaingia kwenye vyakula vingine mpaka vikawa havihesabiki kwa vidole. Mtu mmoja alitaka pilipili yake ionekane nyekundu.

Wanavyuoni wa zamani walilijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Al-Shayzari, katika karne ya sita ya Hijra huko Sham, aliandika kitabu kizima cha kumfundisha muhtasibu, yaani msimamizi wa soko, hila za wauzaji: waokaji, wapishi, wauza halua, wauza manukato, hata wanaoghushi zafarani. Hiyo ilikuwa sehemu ya dini. Msimamizi wa soko alilipwa na dola kunusa, kuonja, kutia mkono ndani ya lundo. Leo ukimwambia imamu azungumzie rangi ya ubuyu kwenye khutba ya Ijumaa, wapo watakaosema ameishiwa na mada.

Najua mnavyojibu. Nimeshayasikia yote, mengine barazani hapa hapa.

La kwanza: "Tumekula tangu utotoni, hatujafa." Kweli hamjafa. Lakini utotoni mwenu ubuyu wa rangi ulikuwa wa sikukuu. Mimi nimezaliwa miaka ya sabini, nilikuwa naupata Idi mbili na siku ya kumaliza msahafu. Juisi ya unga ya pakiti haikuwepo huku milimani, tulikunywa machungwa yaliyokuwa yanaoza chini ya miti. Mtoto wa leo anakula rangi asubuhi, saa nne, na baada ya madrasa. Msilinganishe.

La pili: "Hiyo ni kazi ya TBS." Ni kweli, ni kazi yao. Tangu Julai 1, 2019, usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania Bara uliondolewa TFDA ukapelekwa Shirika la Viwango. Na sheria inataka chakula kilichofungashwa kiandikwe kilichomo. Mimi nasema wazi: kopo lisilo na jina linapouzwa kwa kijiko kwenye mji wenye halmashauri na maafisa afya, kuna mtu hafanyi kazi yake. Haitoshi kukagua kiwanda chenye geti na kuacha kopo. Lakini nyinyi mnataka TBS isimame mlangoni pa kila madrasa? Kijana wa dukani anauza kwa sababu tunanunua. Tungekuwa kila mmoja anauliza swali nililouliza mimi, angeshatafuta kopo la pili.

La tatu ndilo zito, na ndilo lililonikosesha usingizi: "Sheikh, hawa ni akina mama maskini. Unataka wale nini?"

Nilikwenda kwa yule mama wa ubuyu. Tukakaa kibarazani, akaniletea chai ya iliki. Nikamweleza la kopo. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Sheikh wetu, mimi nilidhani ni ya kula kwa sababu inauzwa dukani." Jibu hilo nililichukua nikarudi nalo nyumbani. Ndiyo maana ya kuwa na sheria: mtu asiyejua kusoma karatasi ya kemia awe na haki ya kuamini kwamba kilichoko dukani hakitamwua mwanawe. Kisha akasema, "Na ubuyu mweupe watoto hawanunui. Nilijaribu siku rangi ilipokwisha. Nilirudi nao wote."

Sikuwa na jibu siku ile.

Kuna watu watakwambia haiwezekani, soko ni soko, tabia ni tabia. Kwao nina kisa cha Bangladesh, nchi ya Waislamu wenzetu na yenye umaskini kama wetu. Kule wafanyabiashara walikuwa wanatia kwenye manjano unga wa njano wenye risasi, ili vizizi ving'ae. Inasimuliwa kwamba desturi hiyo ilianza miaka ya themanini, mafuriko yalipoharibu rangi ya mazao. Risasi inapunguza akili ya mtoto, na haina kiasi kinachosemwa kuwa salama. Watafiti walipopima manjano ya sokoni mwaka 2019, asilimia 47 ya sampuli zilikuwa na risasi hiyo. Mamlaka ya chakula ikabandika matangazo masokoni, ikaingia kwenye soko la jumla la Dhaka na kifaa cha kupimia palepale, wenye mzigo mbaya wakatozwa faini mbele ya watu na habari ikatangazwa nchi nzima. Mwaka 2021 wakapima tena. Asilimia sifuri. Desturi ya miaka zaidi ya thelathini imekufa kwa miaka miwili! Na angalieni, manjano ni kitu cha asili, sunna ya jikoni zetu, ndiyo iliyobeba sumu.

Kwa hiyo nikarudi kwa mama wa ubuyu, safari hii na choya. Choya inapoguswa na ukali inabaki nyekundu, na ubuyu wenyewe ni mkali, kwa hiyo vinapatana. Tukachemsha choya nyingi kwa maji machache mpaka ikawa nzito, tukatia sukari, iliki ya shambani kwetu na pilipili manga kidogo, tukachanganya ubuyu humo. Kwa biriani tukajaribu mzingefuri: mbegu zinakaangwa kwenye mafuta kwa moto mdogo mpaka mafuta yawe ya machungwa, unachuja, unatupa mbegu. Lakini moto ukizidi mafuta yanakuwa na uchungu, tuliunguza ya kwanza.

Matokeo nawaambia ukweli. Wali ulipendeza. Ubuyu ulikuwa mwekundu wa kufifia, kama kanga iliyofuliwa sana. Siku ya kwanza watoto waliutazama wakaenda kununua kwa mtu mwingine. Mama yule alipata hasara wiki ile, na hasara hiyo nilimfidia kwenye mfuko wangu kwa kuwa mimi ndiye niliyemshawishi. Wiki ya pili akauza nusu. Choya ni ghali kuliko kijiko cha kopo, hilo sitalificha, na pakiti imepungua ujazo.

Nawaomba nini basi? Wazazi mnaoleta watoto madrasa ya Amani, kuanzia mwezi ujao mlangoni patauzwa chakula cha muuzaji anayeweza kunionyesha pakiti ya rangi yake, yenye jina, namba na tarehe, au asiyetia rangi. Asiye nayo sitamfukuza, nitakaa naye. Kamati ya msikiti imekubali kwamba Maulidi ijayo hakuna unga wa kopo kwenye sufuria, na atakayepika ni yule aliyekubali mzingefuri. Akina mama wawili wamechaguliwa kuangalia. Wako walionuna kwamba wanawake watasimamia mambo ya msikiti. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alimpa Bibi Shifaa bint Abdillah sehemu ya usimamizi wa soko la Madina. Wapo waliojadili isnadi yake, najua, msiniandikie. Lakini anayejua kilichomo kwenye sufuria ni nani, mimi au wao?

Na nyinyi mlioko Tanga mjini, Muheza, Korogwe, Pangani, mnaofuatilia kurasa hizi: ingieni dukani mwenu kesho, ombeni kuona kopo. Msigombane na kijana, ni mwajiriwa. Mkikuta halina jina, chukueni habari kwa afisa afya wa kata, kwa maandishi, na nakala mbaki nayo. Wenye viwanda vidogo vya ubuyu na achari, pale SIDO wanasaidia mjasiriamali mdogo kuifikia TBS, nendeni. Na mwenye shamba la mzingefuri au choya anayeweza kutuuzia kwa bei ya jumla aniandikie hapa chini, tunahitaji kabla ya Ramadhani.

Yule kijana wa dukani nilimrudia pia. Nilimkuta ameandika kwa kalamu ya wino kwenye kopo: RANGI YA MIKEKA. Nikamwuliza, "Na ya ubuyu?" Akasema, "Imeagizwa, Sheikh. Yenye karatasi."

Nitakwenda kuiona nikiteremka tena, inshaallah.

Wabillahi tawfiiq.